Kadi ya Roboti Niliyoifagia

Mwandishi wa karatasi hizi si mimi. Ni Noella, mtoto wa binti yangu. Yeye ameshika kalamu, mimi ninasema, nimekaa kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja umefungwa kwa waya wa shaba. Nimemkataza kuongeza neno lake, nimemkataza pia kupunguza langu. Nitakaposema vibaya, pabaki vibaya.

Ninasema na ninyi vijana mnaofungua simu za watu kwenye meza za soko la Kadutu. Nimechoka, kwa hiyo sitawazungusha. Kazi ya kutengeneza vyombo niliifanya tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi hadi macho yaliponikatalia. Nilianza na redio, nikapita kwenye kaseti, nikaingia kwenye simu, nikamalizia na roboti ya kuchezea ya watoto. Watu wa mtaa wananisifu kwa ajili ya roboti ile. Wanasema Mama Redio alirudisha vitu vilivyopotea. Hawasemi ni nani aliyevipoteza. Nitawaambia mwenyewe, kabla mkono wa Noella haujachoka.

Sikukanyaga shule hata siku moja. Lijulikane hilo kwanza. Nilipokuwa msichana niliuza mawe ya redio, yale mnayoyaita betri, kwenye sinia, kando ya meza ya Muzee Cirhuza. Yeye alikuwa fundi wa redio, mtu mkavu, asiyecheka mbele ya mteja. Alianza kunituma nimshikie waya, kisha nimshikie taa. Siku moja mgongo ulimkamata, akalala chini ya meza yake mwenyewe na kuniongoza kwa sauti: fungua hapa, gusa pale, si hapo, weye, pale! Mteja aliona miguu ya Muzee na mikono yangu tu. Redio ilisema. Tangu siku hiyo sikuuza tena mawe.

Muzee aligundua upesi kwamba sisomi alama zilizoandikwa kwenye vipande vya redio. Hakunicheka. Alinipa nyuzi za kushonea za rangi nne, ziwe alama zangu.

"Kila kitu unataka kutoa, ukifunge uzi kwanza," aliniambia. "Usiseme utakumbuka."

"Na kama nakumbuka, Muzee?"

"Basi utakuwa umepoteza uzi. Uzi iko mingi."

Nilimdharau mara moja tu. Nilikuwa nimemaliza redio ya katekista, inaimba vizuri kabisa, nikajipiga kifua. Juu ya meza zikabaki skrubu tatu.

"Hizi ni za nani?" Muzee aliuliza.

"Zimezidi."

"Zimezidi? Mwenye kutengeneza hii redio alikuwa anagawa zawadi?"

Alinilazimisha kuzishona kwenye pindo la kitenge changu na kutembea nazo mpaka redio irudi. Nilitembea nazo majuma mawili, zinagongana kila hatua, na soko lote liliniita mbuzi wa kengele. Redio ilirudi mgongo wazi, imeanguka kutoka kabatini kwa sababu kifuniko hakikushikwa. Nilizitoa skrubu pindoni, nikazirudisha mahali pake mbele ya katekista, wala sikujipiga kifua tena. Baada ya hapo nilijipiga siku moja nyingine, nami nitaifikia.

Wateja nao walikuwa na mambo yao. Mtu mmoja wa Kalehe aliniletea redio nzima, haina ugonjwa, akataka niitoe habari na kumwachia muziki.

"Habari zinanipandisha presha, mama. Uitoe tu hiyo sehemu."

Nikamweleza kwamba habari na muziki vinaingia kwa mlango mmoja. Hakuamini. Alipeleka redio yake kwa fundi mwingine upande wa pili wa soko, na yule akamfungia kitufe kisigeuke, kwenye kituo cha nyimbo za kwaya. Mtu alifurahi. Nilijifunza kwamba fundi asiyesikiliza anachokitaka mtu atabaki na haki yake, bila mteja.

Simu zilipokuja, wengi walidhani nitafunga meza. Simu imejaa maandishi. Lakini mimi niliijua kwa mahali: bonyeza cha tatu kutoka juu, subiri rangi ya buluu, teremka mara mbili, kubali upande wa kushoto. Hata kompyuta nilipoipata, niliiendesha hivyohivyo. Nilikariri milango ya nyumba bila kusoma majina yaliyo juu yake. Lililonishinda kabisa, binti yangu Esperansi alinisomea nyumbani, na stakabadhi za wateja aliniandikia yeye. Mbele ya watu nilikuwa na jibu moja: "Nisomee, miwani nimeisahau." Kwa miaka yote hiyo sikuwa na miwani. Nilikuwa mkali kwa wanafunzi wangu wa ufundi, nikiwafokea kwa uzembe, na huku mimi mwenyewe nilikuwa naficha jambo hili kama mtu afichaye donda. Andika hivyo, Noella. Usinitazame.

Sasa niwaeleze desturi moja ya kazi, kwa maana bila hiyo hamtaelewa kosa langu. Pale Kadutu, mtu hununua kadi ndogo ya memori, ile inayotiwa ndani ya simu, kisha anamletea fundi aijaze nyimbo. Anataja waimbaji anaowapenda, anakwenda sokoni kununua unga, akirudi anakuta nyimbo mia mbili. Karibu kila kadi inaletwa na taka za mtu mwingine: picha nusu, nyimbo zilizokatika. Kwa hiyo hatuulizi. Kadi ikifika mezani, kwanza tunaifagia, yaani tunaamuru kompyuta ifute kila kitu, halafu tunatia nyimbo. Mashine inauliza kwa maandishi kama kweli unataka kufuta. Mimi nilijua tu kwamba jibu liko upande wa kushoto. Kidole changu kilikwenda chenyewe.

Jumanne moja alikuja Madamu Beatrisi, mwalimu wa darasa la watoto wasiosikia. Darasa lenyewe ni chumba kimoja nyuma ya kanisa, chini ya mteremko wetu. Alikuwa amebeba roboti ya kuchezea ndani ya kitambaa, kama mtoto mgonjwa.

"Mama Redio, huyu iko nazunguka tu fasi moja sawa mulevi."

Niliiweka mezani, ikazunguka mahali pamoja kama alivyosema. Ilikuwa na ukubwa wa sufuria ndogo iliyofunikwa, magurudumu mawili, na katikati ya tumbo tundu la kupitishia chaki. Mgongoni ilikuwa na vitufe vinne vyenye mishale: mbele, nyuma, kulia, kushoto. Cha tano kilikuwa chekundu, cha kuhifadhi. Ukibonyeza mbele mara tatu, inasogea viganja vitatu; ukigusa kulia au kushoto kidogo tu, inageuka nusu. Ukimaliza kupanga hatua zako unabonyeza chekundu, na hatua zile zinakaa kwenye kadi ndani yake. Ukiziita kesho, inazirudia bila kukosea. Chaki haiinuki sakafuni, kwa hiyo chochote inachoandika kinatoka kama uzi mmoja usiokatika.

Madamu alinieleza anaitumia kwa kazi gani. Mtoto asiyesikia huwezi kumwita kwa mdomo. Asubuhi watoto huketi wakizunguka sakafu ya saruji, roboti inaandika jina, na yule anayeona jina lake linaanza kutoka anasimama. Kila mtoto alipanga jina lake mwenyewe, kitufe kwa kitufe, siku nyingi. Kila mtoto alikosea kwa namna yake, na Madamu aliyaacha makosa. Majina yalikuwa kumi na tisa.

"Watoto kumi na tisa," nikasema.

"Kumi na nane," alinijibu. "Nsimire alikufa. Homa, mvua zilipoanza."

Mama yake Nsimire alikuwa anauza lengalenga, yaani mchicha, barabarani. Kila Ijumaa, akishauza, alipita darasani na kuketi kwenye benchi. Madamu alimwitia jina la mtoto wake mara moja. Roboti iliandika, mama alitazama, kisha wakafuta sakafu kwa kitambaa chenye maji naye akarudi nyumbani. Hakuna aliyewahi kulipiga picha. Nani anapiga picha ya kitu anachokiona kila Ijumaa?

"Karte iko ndani, uilinde sana," Madamu alisema, akaenda zake.

Nikaifungua. Betri hutoka kwanza, kadi hutoka ya pili. Hilo nililifanya sawa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo: nywele za kusuka za watoto zilikuwa zimejizungusha kwenye mhimili wa gurudumu la kushoto hadi likakaza. Mkiona chombo cha watoto kimekwama, tafuteni nywele kabla ya kutafuta kitu kingine. Nilizikata kwa wembe, nikapaka tone la mafuta ya cherehani, gurudumu likakimbia.

Kadi ilikuwa imebandikwa plasta nyeupe yenye maandishi. Plasta ilikuwa nene, ingekwama kwenye tundu, kwa hiyo niliibandua na kuibandika ukingoni mwa meza. Kadi nikaiweka kwenye kifuniko cha kopo la maziwa. Sikuifunga uzi. Nilisema nitakumbuka.

Mchana walikuja vijana watano wa pikipiki. Jumamosi kulikuwa na arusi ya mwenzao, kila mmoja akataka nyimbo. Kadi zao nazo ziliingia kwenye kifuniko kilekile. Walikuwa wanapiga kelele, wananiharakisha, na jirani yangu Tonton Deo, muuza mikoba, aliwachochea.

"Mufanye mbio na Mama Redio, anazeeka!"

"Zeeka weye," nikamjibu, "mikoba yako inazeeka mbele yangu."

Nilicheka nao huku nafagia na kujaza. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipoanza ya mwisho nikainua kichwa ili nimpe mwenyewe. Vijana wote walikuwa wameshaondoka na kadi zao. Ndani ya mashine kulikuwa na kadi ya sita, na wimbo wa tatu ulikuwa unaingia.

Nilivuta waya wa umeme ukutani. Niliuvuta kwa nguvu hata Tonton Deo akageuka.

"Kuko nini?"

"Hakuna."

"Uso yako inasema kuko."

"Angalia mikoba yako."

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye kazi. Kufagia kadi hakuchomi vilivyomo. Kunaondoa orodha tu, kama mtu aliyebandua orodha ya wapangaji mlangoni. Wapangaji bado wamo ndani, ila hakuna anayejua nani yuko chumba gani. Mpangaji hutoka pale tu mgeni anapoingia na kuketi mahali pake. Wimbo ni mgeni mnene. Kwa hiyo ukigundua kosa, acha. Usitie kitu, usiirudishe kadi ndani ya chombo kujaribu kama bado kinafanya kazi, maana hata kule kujaribu kunaandika. Chukua nakala ya kadi nzima, pamoja na mahali panapoonekana patupu. Kadi yenyewe ifunge, iweke mbali. Chimba kwenye nakala, na utakachokipata ukiweke penginepo, usikirudishe pale ulipochimba. Mafundi wengi wameua picha za arusi za watu kwa haraka ya kujaribu tu.

Haya yote niliyafanya sawasawa. Mikono yangu haikuwa na kosa. Mdomo wangu ndio ulikuwa nalo.

Madamu alirudi Jumatano. Nikamwambia kadi imeugua, ninaitibu. Akaona plasta ukingoni mwa meza, akainama.

"Mama Redio, nani ametoa hii? Nilibandika juu ya karte."

"Ilibanduka yenyewe."

"Lakini uliiona?"

"Niliiona."

Alinitazama kidogo, kama mtu anayehesabu kimoyomoyo. Kisha akaisoma kwa sauti, nadhani bila kukusudia: "Usifute. Majina ya watoto." Nilishika bisibisi, nikajifanya natafuta kitu ndani ya droo. Ningeweza kumwambia pale pale. Tulikuwa wawili tu, na alikuwa mwanamke mpole. Nikamwambia aje Ijumaa.

Uchimbaji ulinichukua siku mbili kwa sababu umeme ulikatika mara kwa mara. Programu ya kuchimbua niliijua, ilishaniokolea picha za watu wengi. Lakini kinachochimbuliwa hutoka bila jina. Mafaili yalitoka na namba tu. Niliyatenga makubwa, yaliyokuwa taka na nyimbo, nikabaki na yale madogo yanayofanana. Nikayahesabu kwa kidole. Kumi na tisa. Nikahesabu tena kuanzia chini. Kumi na tisa. Hapo ndipo nilipojipiga kifua mara ya pili maishani mwangu.

Niliyatia kwenye kadi mpya, nikafagia sakafu ya kibanda, safari hii kwa ufagio wa kweli, nikatia chaki tumboni mwa roboti na kuyaita moja baada ya jingine. Mistari ilitoka. Moja lilipinda kama njia ya kupandia kwetu. Jingine lilikuwa la mtoto mwenye haraka, linaruka kona. Mimi niliona mistari mizuri, si zaidi. Faili moja lilipofika mahali fulani, roboti ilisimama ghafla na taa yake nyekundu ikapepesa. Mengine yote yalimalizika kwa taa ya kijani. Nikasema betri imechoka. Nilibadilisha betri, nikaliita tena, ikasimama palepale.

Fundi anayejua kazi yake, chombo kikisimama palepale mara mbili, hasemi betri. Nami nilijua. Mtu anayesoma angetazama sakafuni na kuona kwamba jina halijaisha. Mimi nilikuwa na njia moja tu ya kujua: kumwita mtu anisomee. Tonton Deo alikuwa hatua nne kutoka kwangu. Nilifuta chaki kwa mguu.

Ijumaa nilishuka darasani na roboti yangu ndani ya kitambaa. Magoti yaliniuma, ule mteremko haunihurumii tena. Watoto walikuwa wameketi wakizunguka sakafu. Mama Nsimire alikuwa kwenye benchi, beseni lake tupu miguuni. Alikuwa mwanamke mwembamba, mdogo kuliko nilivyodhani, na alinisalimu kwa mikono miwili.

"Aksanti, Mama Redio. Banasema ulitibu karte kabisa."

Niliifungua roboti kutoka kwenye kitambaa, nikaiweka sakafuni.

Madamu aliita majina. Kila mstari ulipoanza kutoka, mtoto mmoja aliruka na kujipiga kifua, wenzake wakapunga mikono hewani, ndiyo makofi yao. Walisimama kumi na wanane, na hakuna aliyekosa jina. Niliona Madamu akipangusa macho kwa mgongo wa mkono wenye chaki. Kisha wakafuta sakafu, watoto wakatoka kwenda uani, na akaita la mwisho.

Roboti ilikwenda vizuri. Ilipanda, ikateremka kwa kukata, ikapanda tena. Ikafika katikati ya chumba, ikasimama. Taa ikapepesa.

Tulingoja.

"Betri," nikasema.

"Nsimi," Madamu alisoma taratibu. "Inaishia kwa Nsimi. Mama Redio, juu ya nini hukuniambia? Hii, kama uliisoma, uliona haiishe."

Mama Nsimire alikuwa ameinuka. Alikuwa ananyoosha kidole, si kwenye herufi, bali kwenye sakafu tupu iliyo mbele ya roboti.

"Bado. Inabakia kwenda upande wa mulango. Halafu inarudia, inageuka, inakuja karibu na benchi. Mi siyui kusoma, lakini naijua. Haijafika."

Ndipo niliposema. Nimesema maneno mengi katika maisha yangu, na wateja wengi wamenilia machozi mezani, lakini hayo yalikuwa machache na yaliniumiza taya. Niliwaambia kwamba kadi haikuugua. Niliifagia mimi na kuitia nyimbo za arusi. Plasta niliibandua kwa mkono huu. Niliona maandishi, na kwangu maandishi ni uchafu wa wino, maana sijui kusoma hata jina langu. Na kile kipande cha jina ambacho roboti haikukifikia, wimbo umekalia mahali pake, nami sina mashine ya kukirudisha. Hakuna aliye nayo.

Madamu alikaa chini, kwenye kiti cha mtoto.

"Miaka yote, mama? Na bile bikaratasi bya malipo ulikuwa unatuandikiaka?"

"Binti yangu aliziandika."

"Ungeniambia Jumatano, ningekuja kusoma. Ningekaa nayo siku mbili, hapo kwako."

"Ningekwambia."

Nilimngoja Mama Nsimire anitukane. Nilikuwa tayari, nilitaka hata anitukane upesi ili nipande zangu nyumbani. Yeye alikuwa amevua ndara zake. Alisogea hadi mahali roboti iliposimama, akaweka miguu kando yake, akatazama mbele.

"Inaendaka hivi," alisema. Akapiga hatua moja, fupi, kama mtu anayepima shamba. Akapiga ya pili. Akageuza mwili mzima kuelekea mlangoni. "Hapa inageuka. Kuume. Halafu mbele, mbele."

Madamu alifungua mdomo. Nikamshika mkono, kwa maana nilikuwa nimeelewa. Yule mama alikuwa ametazama chombo kile Ijumaa baada ya Ijumaa, hana herufi za kumpotosha, ana mwendo tu. Nilijikokota, nikapiga magoti sakafuni, nikaichukua roboti na kubonyeza kila alichokitembea. Mbele. Mbele. Kulia. Nusu ya kulia tena. Alipokosea alijua mwenyewe, akarudi nyuma, akatingisha kichwa, akaanza tena kutoka nilipomwonyesha. Madamu alisimama juu yetu na kusoma: hii imekuwa herufi, hii bado, endeleeni. Kila tulipofika mbali kidogo nilibonyeza chekundu. Hiyo nayo ishikeni: hifadhi mara nyingi, usingoje mwisho.

Mwishoni kabisa, karibu na benchi, Mama Nsimire alipiga hatua moja ya kurudi nyuma.

"Hiyo imezidi," Madamu alisema. "Herufi imeshamalizika, haina hiyo."

"Yeye aliiweka."

"Alikosea kubonyeza."

"Basi alikosea. Uiweke, Mama Redio."

Niliiweka.

Ninawaambieni ninyi mnaoshika bisibisi leo. Siku ukirudisha kitu cha mtu, mwambie hiki ni kile kilichokuwapo, na hiki nimekitia mimi. Usichanganye viwili hivyo ili usifiwe. Nilimwambia Madamu aandike kwenye plasta mpya kwamba faili la kwanza ni la mtoto na la pili ni la mama, naye akaandika, akanisomea bila mimi kumwomba wala kumtajia miwani. Nikaibandika mgongoni mwa roboti, pasipoweza kukwama.

Yalikuwa mafaili mawili, si moja, na roboti inapotoka kwenye moja kwenda kwenye jingine husimama kwanza, kama muda wa kuvuta pumzi. Tulipoliita jina zima mara ya kwanza niliona kule kusimama, nikaaibika, maana kwa fundi ni kama mshono unaoonekana. Nikamwambia Mama Nsimire kwamba binti yangu anaweza kuyaunganisha yale mafaili kwenye kompyuta Jumatatu, na chombo kitapita bila kusimama, hakuna atakayejua.

Alikuwa anavaa ndara zake. Mbele yetu jina lilikuwa limelala sakafuni, uzi mmoja, kutoka ukutani hadi kwenye benchi.

"Iache," alisema. "Ile fasi inasimama, ndiyo fasi namupokea mutoto wangu muzigo."